Kabati limejaa na CD bado ziko chini: tatizo liko wapi na unalirekebishaje

Hii ni kwa wenzangu ambao bado tunatunza santuri, kanda, CD na DVD nyumbani, na nyumba yenyewe ni chumba na sebule, au chumba kimoja cha futi 10 kwa 10 ambacho kitanda, meza ya TV na jiko la gesi vyote vinagombania humo humo. Wengi wetu mzigo ukizidi tunakimbilia kabati kubwa zaidi, halafu miezi haijafika mingi kabati limepinda, linayumba, mlango haufungi, na DVD bado zimerundikwa sakafuni pembeni ya spika. Mimi ninavyoona, na hili nitalirudia, adui yetu mkubwa ni kina, yaani kile kipimo cha kutoka mbele ya kabati mpaka ukutani. Fenicha nyingi madukani zimetengenezwa kubeba TV na vyombo vya shoukesi, hakuna aliyefikiria kitu chembamba kama CD. Kwa hiyo kabla hujamlaumu fundi chukua tepu upime vitu vyako kwanza, chumba utakipima baadaye.

Vipimo ni hivi. Kasha la CD la kawaida ni sentimita 14.2 kwa 12.5, unene milimita 10. Kasha la DVD kimo chake ni sentimita 19, kina 13.5, unene milimita 14. Blu-ray ni fupi kidogo, 17 na ushee. Kaseti na kasha lake ni kama 11 kwa 7, unene milimita 17. Santuri kubwa za inchi 12 ganda lake ni mraba wa sentimita 31.5 hivi, zile ndogo za inchi 7 ni kama 18. Andika kwenye karatasi uende nayo kwa fundi, maana fundi ukimwambia tu "kabati la CD" atakutengenezea kile anachokijua, na anachokijua ni kabati la TV.

Kabati limejaa, lakini ukichungulia ndani kuna hewa tupu

Hili ndilo tatizo namba moja na watu hawalioni kama tatizo. Chukua wall unit ya kawaida, yaani lile kabati kubwa la TV la sebuleni, kina sentimita 45, nafasi kati ya shelfu na shelfu sentimita 35. Weka DVD ndani. Kimo chake ni 19, juu yake zinabaki sentimita 16 za hewa. Kina chake ni 13.5, nyuma yake zinabaki zaidi ya 30, unaanza kupanga mstari wa pili na wa tatu kwa nyuma, na ukishapanga mstari wa tatu huo ndio umeuzika, huwezi kuuona, huwezi kuufikia bila kutoa ya mbele yote, mwishowe unanunua tena filamu ambayo tayari unayo. Kabati limekula sehemu kubwa ya sakafu na linaonyesha theluthi tu ya mali yako.

Kama kabati tayari unalo na hela ya lingine haipo, ongeza ngazi ndani. Kata ubao wa upana wa sentimita 14, uinue kwa vipande vya mbao vya urefu wa sentimita 10 mpaka 12, uweke nyuma ndani ya shelfu, mstari wa nyuma ukae juu na wa mbele ukae chini, migongo ya DVD za nyuma inaonekana juu ya vichwa vya zile za mbele. Kwa CD ndiyo raha zaidi maana kimo chake ni 12.5 tu, kwenye shelfu la sentimita 35 unaweza kuongeza shelfu zima katikati ukapata safu mbili juu na chini.

Lakini kama unaanza upya, agiza kabati jembamba. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo kiini cha maneno yangu yote. Bodi moja ya MDF au chipbodi ya futi 8 kwa 4, yaani sentimita 244 kwa 122, unene milimita 18, ukiipasua kwa urefu inatoa vipande 7 vya upana wa sentimita 17 na bado msumeno unapata nafasi yake. Vipande 2 unavikata urefu wa mita 2, hizo ni mbavu za kulia na kushoto. Vipande 5 vilivyobaki kila kimoja kinatoa mbao mbili za sentimita 86.4, jumla mbao 10. Mbao 9 ni mashelfu pamoja na ya juu na ya chini, ya kumi inakuwa ubao wa kuziba chini, ule wa kuliinua kabati sentimita 10 kutoka sakafuni. Umepata kabati la upana wa sentimita 90, kimo mita 2, nafasi 8 ndani na kila moja ina karibu sentimita 21.7, DVD ya 19 inaingia na vidole vinapata pa kushika. Kila nafasi inabeba DVD 61. Jumla 488, na zote unazisoma migongo ukiwa umesimama. Na kabati lenyewe lina kina cha sentimita 17 tu, unaweza kuliweka kwenye korido, nyuma ya mlango unapofunguka, hata kwenye ule ukuta wa pembeni ya kitanda ambao huwa haufai kwa chochote.

Pale Keko, kwa mafundi fenicha wa Dar, watakuangalia. "Kaka, sentimita 17 si litaonekana kama halijaisha?" Mwambie, "Fundi wangu, nifanyie hivyo hivyo, ila niwekee mgongo wa hadibodi na engo mbili juu za kufungia ukutani." Ukishamwonyesha DVD moja mkononi ataelewa, watu wa Keko wana akili ya kazi, shida ni kwamba wateja karibu wote wanataka shoukesi.

Kwa CD peke yake punguza nafasi iwe sentimita 15. Santuri kubwa ni habari nyingine kabisa, zinataka kina cha 32 mpaka 33 na nafasi ya 33 mpaka 34 kwenda juu, usizichanganye na CD kwenye kabati moja, maana ukilazimisha kabati moja libebe vyote utaishia na kina cha santuri kwa kila kitu na tumerudi kule kule. IKEA wana kabati la visanduku linaitwa Kallax, lilitoka 2014 kuchukua nafasi ya Expedit, na wapenzi wa santuri duniani wanalipenda kwa sababu moja tu, kisanduku chake ndani ni karibu sentimita 33 kwa 33. Fundi yeyote wa mtaani anaweza kukutengenezea kwa kipimo hicho.

Kama kuta zimeisha, angalia juu. Shelfu moja la upana wa sentimita 15 linalozunguka chumba usawa wa juu ya mlango linabeba CD 100 kwa kila mita na hakuna mtu atakayeligonga na kichwa. Chini ya kitanda nako kunafaa kwa CD na kaseti kwenye droo ya magurudumu, kimo cha ndani sentimita 15 au 16, CD zikisimama migongo juu. Santuri usizipeleke chini ya kitanda, hazisimami, na zikilazwa zinaharibika.

Na wale wenye CD nyingi sana fikirieni kutoa makasha ya plastiki mweke diski na vijitabu vyake kwenye mifuko laini, kitu cha milimita 10 kinakuwa milimita 2 au 3. Chagueni mifuko ya polipropilini, ile ya PVC laini inayonuka nuka inaweza kugandia kwenye diski baada ya muda.

Shelfu limebonyea katikati

Swali la kwanza, limebeba nini? CD ni nyepesi, mita moja ya CD ni kama kilo 10. Santuri ni mzigo wa kweli, mita moja inaweza kufika kilo 60 na kuendelea, kisanduku kimoja tu cha sentimita 33 kikijaa ni karibu kilo 20. Kwa hiyo shelfu la sentimita 90 ambalo lingebeba CD miaka nenda rudi, ukiliwekea santuri litakuwa na tumbo baada ya muda mfupi, na usimlaumu fundi.

Sababu kubwa ni urefu usio na nguzo. Hapa kuna hesabu ambayo ukiijua utaokoa hela: kwa mzigo ule ule kwa kila sentimita, ukipunguza urefu wa shelfu nusu, kubonyea kunapungua mara 16. Siyo mara 2, mara 16. Ukiongeza unene wa ubao mara mbili ugumu wake unaongezeka mara 8. Kwa hiyo kabla hujafikiria kununua bodi nene weka kipande kimoja cha kusimama katikati, cha kugawa shelfu mara mbili, kazi imeisha. Kwa santuri usizidishe sentimita 40 kati ya nguzo na nguzo kama bodi ni ya milimita 18.

Kama hutaki nguzo katikati, bandika ubao wa mbao halisi wa inchi 2 mbele ya shelfu, usimame wima kama ukingo, gundi nyeupe ya mbao pamoja na skrubu tatu nne. Ule ukingo ndio unaobeba. Na pigilia hadibodi ya nyuma kwenye shelfu lenyewe, fundi wengi wanaipigilia kwenye mbavu tu, shelfu linabaki linaning'inia pande mbili wakati lingeweza kushikwa pande tatu.

Shelfu lililokwisha kubonyea unaweza kuligeuza juu chini, litanyooka nyooka kwa uzito wenyewe, lakini hiyo ni kusogeza siku mbele kwa sababu chipbodi ikishaanza kulegea inaendelea. Ligeuze na wakati huo huo uweke nguzo. Mbao za mninga na mkongo hazibonyei kirahisi hivyo, ila bei yake unaijua.

Kabati zima linayumba kushoto kulia

Ukilisukuma kwa kidole begani linacheza kama lina miguu ya mpira. Watu hapa wanakimbilia kukaza skrubu, wanakaza mpaka zinalegea zote, na kabati bado linacheza. Skrubu hazina kazi hiyo. Kinachozuia kabati kuyumba ni mgongo. Ile hadibodi ya milimita 3 ambayo unaiona kama pambo la kuziba nyuma ndiyo inayolifanya kabati libaki mraba, ukiitoa unabaki na fremu ya mbao ambayo kila kona yake ni kama bawaba.

Fanya hivi. Toa vitu vyote, laza kabati kifudifudi kwenye mkeka. Chukua kamba au tepu upime kona kwa kona, kutoka juu kulia mpaka chini kushoto, halafu juu kushoto mpaka chini kulia. Kwa kabati la mita 2 kwa sentimita 90 kila upande unatakiwa usome kama sentimita 219. Kama upande mmoja ni 220 na mwingine 218, kabati limekaa mshazari, sukuma kona ile ndefu taratibu mpaka namba zifanane. Zikifanana ndipo upigilie hadibodi, misumari midogo ya inchi moja, kila baada ya sentimita 10 hadi 15, kuzunguka pande zote na kwenye kila shelfu. Anza na kona moja, kisha kona inayotazamana nayo, pima tena, ndipo uendelee. Nimewaona mafundi wazuri wanafanya hili kwa kamba tu bila namba yoyote, anashika kamba kona hii na ile, anafunga fundo, anahamisha kwenye kona nyingine, fundo likiangukia pale pale anaanza kugonga.

Kabati likisimama halichezi tena. Kama hutaki mgongo wa kuziba kwa sababu unataka ukuta uonekane, basi weka engo za chuma kwenye kona nne za nyuma au ufunge mkanda wa chuma kwa mshazari, kitu kimoja lazima kifanye kazi ya mgongo.

Kabla ya yote hayo lakini, chunguza sakafu. Nyumba nyingi za kupanga sakafu ina mteremko wa maji ya kudeki, kabati linaonekana linayumba kumbe linasimama kwenye kona tatu. Weka pima maji juu yake, sukumia kabari pale penye uwazi, jaribu tena.

Linaelekea mbele, linataka kumwangukia mtu

Hili usilichelewe hata siku moja kama kuna watoto ndani. Kabati la kimo cha mita 2 na kina cha sentimita 17 lazima lifungwe ukutani, halina mjadala, mtoto akivuta shelfu la tatu apande kama ngazi linakuja lote. Engo mbili juu, moja kila upande, skrubu ndani ya fisha (kale kaplastiki kanakoingia kwenye tundu la ukuta), na vitu vizito chini, vyepesi juu. Kati ya kabati na ukuta acha kipande cha mbao cha sentimita 2 ili hewa ipite na uweze kuchungulia kama mchwa wameanza kupanda.

Kama mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe, ongea naye kwanza, matundu mawili madogo ya kuziba na simenti siku ya kuhama wengi wanakubali wakiambiwa ni kwa ajili ya usalama wa mtoto. Akikataa kabisa, agiza makabati mafupi ya kimo cha mita moja, mapana zaidi, na weka kabari nyembamba chini kwa mbele ili kila kabati liegemee ukuta kidogo. Kabari peke yake kwa kabati refu haitoshi.

Skrubu inazunguka tu, haishiki

Chipbodi ni chembe za mbao na gundi, skrubu ikishazungushwa kwa nguvu mara moja tu uzi wote ndani umesagika. Ndiyo maana nasema mashine ya umeme ya kufungia skrubu isiguse fenicha ya chipbodi mwishoni, mashine ifikishe karibu, mzunguko wa mwisho ufanywe na bisibisi kwa mkono, ukisikia imegoma acha.

Tundu likishaharibika jaza gundi nyeupe ya mbao na njiti za kiberiti zilizokatwa vichwa, au vijiti vya kuchokolea meno, sindilia mpaka pabane, acha zikauke usiku mzima, kata zinazochomoza, toboa katundu kembamba katikati ndipo urudishe skrubu. Inashika tena. Kurudishia skrubu nene zaidi kwenye tundu lile lile kunapasua ubao, hasa ukiwa karibu na ukingo.

Fenicha zile za kwenye boksi, za kuunganisha mwenyewe, zina ile loki ya duara ya kuzungusha na pini yake ya chuma. Ikikataa kukaza mara nyingi tatizo ni moja kati ya haya: pini haijaingia yote kwenye ubao wa kwanza, au kale kamshale kwenye loki hakaangalii upande pini inakotokea wakati unaiingiza. Rudi nyuma, kaza pini mpaka shingo yake iguse ubao, geuza mshale, ingiza, zungusha nusu mzunguko tu. Ikifika nusu na bado imelegea usilazimishe, ubao haujakaa vizuri kwenye vile vijiti vya mbao, ugonge kidogo kwa kiganja ukae. Na usikaze loki zote moja baada ya nyingine mpaka mwisho, ziache zote zimelegea kidogo mpaka kabati lote limesimama kwenye umbo lake, upime kona kwa kona, ndipo uzikaze.

Milango haikutani, droo inakwama

Fupi hapa. Usiguse bawaba kabla hujaweka pima maji, kabati likiinama kona moja milango yote inaenda upande na ukirekebisha bawaba utakuwa unarekebisha uongo. Likishakaa sawa, zile bawaba za kisasa zina skrubu mbili zinazoonekana, ya mbele inasogeza mlango kushoto na kulia, ya nyuma inausogeza ndani na nje, juu na chini ni skrubu za kibao kinachoshika mbavu. Robo mzunguko, funga mlango uangalie, robo tena.

Droo ikikwama angalia kama reli zote mbili ziko usawa mmoja, pima kutoka chini mpaka kwenye reli, mbele na nyuma, kulia na kushoto. Reli ikiwa safi na sawa lakini droo bado nzito, umeijaza kupita uwezo wake.

Chini kumevimba, au unakuta unga mwembamba sakafuni

Chipbodi iliyovimba hairudi. Zile chembe zilikuwa zimeshindiliwa kiwandani, maji yakiingia zinatanuka na kubaki hivyo. Chanzo karibu kila mara ni kudeki, maji yanagusa ukingo wa chini ambao haukuzibwa kwa sababu fundi aliziba kingo zinazoonekana tu. Kata sehemu iliyovimba yote, weka miguu ya plastiki au chuma, na kingo zote ambazo hazijazibwa zipake gundi ya mbao au vanishi mara mbili. Kwa wanaoagiza sasa hivi, mwambieni fundi azibe kingo zote nne za kila ubao hata za nyuma, atasema ni kupoteza hela, lipeni. Kwa nyumba za mabondeni ambazo masika ya Machi mpaka Mei maji yanaingia ndani, fremu ya skwea paipu chini yenye kimo cha sentimita 20 au 30 ni bora kuliko miguu yoyote, na mashelfu ya marini, ile plaiwudi inayovumilia maji, juu yake.

Ukiona unga laini kama wa dona na vitundu vidogo kama ncha ya sindano kwenye mbao halisi, hao ni wadudu wanaobungua mbao, mara nyingi walikuja na mbao mbichi au sehemu ile nyeupe ya pembeni ya mti. Ukiona njia ya udongo inapanda ukutani, huo ni mchwa, na mchwa hataishia kwenye mbao, maganda ya santuri na vijitabu vya CD ni karatasi, ni chakula chake. Toa vitu vyote kwanza, mbali na ule ukuta, ndipo upige dawa, na usirudishe kitu mpaka dawa ikauke na harufu iishe. Vile vidonge vyeupe vya kabatini vya kufukuza wadudu kwenye nguo msiviweke na CD, mvuke wake unaweza kulainisha plastiki ngumu ya makasha.

Shelfu la ukutani limeng'oka na plasta yake

Tundu lako liliishia kwenye plasta. Plasta ya mtaani inaweza kuwa nene sentimita 2 au 3, ukiweka fisha fupi ya sentimita 3 yote imekaa kwenye plasta na tofali halijaguswa. Tumia fisha na skrubu ndefu zinazopita plasta na kuingia kwenye tofali angalau sentimita 4, toboa kwa mashine yenye kugonga na biti ya zege ya saizi ile ile ya fisha, puliza vumbi lote litoke kabla ya kuingiza. Biti ikiingia ghafla bila upinzani umeangukia kwenye uwazi wa tofali la tundu au kwenye kiungo, sogea sentimita 5 pembeni. Tundu lililokwisha kupanuka lijaze simenti, subiri siku kadhaa, toboa upya. Na msumari wa zege usiutumie kubeba shelfu, unashika siku ya kwanza tu.

Fenicha iko sawa, ila vitu vyenyewe vinaharibika

Santuri zikiwa na mawimbi, angalia mambo mawili. Zinaegemea? Santuri inatakiwa isimame wima, zikijaa nusu kisanduku na zikalala pembeni kwa mshazari zinachukua umbo hilo, weka kipande cha ubao cha kuzibana, zibane kiasi cha kuweza kuchomoa moja kwa vidole viwili bila kuvuta kwa nguvu. Na zinapigwa na jua? Kuanzia saa nane mchana jua la dirisha la magharibi linapasha joto kabati la rangi nyeusi kuliko unavyodhani. Amplifaya na king'amuzi navyo vina joto, usiziweke santuri juu yake moja kwa moja, na kama viko ndani ya kabati lililofungwa toboa matundu makubwa nyuma, juu na chini, hewa baridi iingie chini na ya moto itokee juu.

Ukungu kwenye maganda na kwenye kanda, hasa huku pwani, Dar, Tanga, Zanzibar, Mombasa, unatokana na kabati lililobanwa kabisa ukutani, tena ukuta wa nje unaoloa mvua. Hamisha kabati kwenye ukuta wa ndani, acha uwazi wa nyuma, na kwenye hadibodi toboa matundu machache kila nafasi. Milango ya kioo inazuia vumbi lakini inafungia unyevu, ukiwa nayo uwe unaifungua siku kavu. Kaseti za taarab za zamani na za bendi zetu, Msondo, Sikinde, ambazo nyingine huzipati tena popote, hizo ndizo za kuweka mahali pakavu kuliko pote, na mbali na spika kubwa, sumaku ya spika haifai karibu na kanda.

Kabati lilikuwa zuri mpaka tulipohama

Chipbodi haipendi kubururwa. Likiburutwa limesimama miguu inang'oka na kila kiungo kinapanuka, halafu ukifika huko unaona linayumba. Toa vitu vyote, hata vile vya chini ambavyo unaona havina shida, ng'oa hadibodi kwa kuingiza bisibisi bapa pole pole chini ya kila msumari ili isipasuke, kwenye kila ubao andika kwa penseli sehemu ya ndani, kushoto, kulia, shelfu la 1, la 2, na mshale wa juu. Skrubu na loki za kila kiungo zifunge kwenye mfuko wake na uubandike kwa seloteipu kwenye ubao husika. Ukifika usirudishe skrubu kwa mashine, shika kwa mkono uizungushe kinyume kwanza mpaka uisikie imedondokea kwenye uzi wake wa zamani, ndipo uikaze. Tundu lolote lililolegea lijaze njiti na gundi usiku ule ule, hadibodi usiipigilie mpaka kesho yake gundi ikiwa imekauka, na boksi za santuri beba ndogo ndogo, zisizozidi santuri 40 kwa boksi, zikiwa zimesimama.